Madai tisa kuhusu stelingi inayovuja, na majibu yake

Waafrika Mashariki wengi tunaoishi Dubai huanza na gari la mtumba: Corolla, Sunny, Camry, Lancer au Pajero iliyokwisha kupita mikono miwili mitatu. Magari hayo ya zamani yana pawa stelingi ya oili, si ya umeme kama magari mengi ya leo. Pampu inayozungushwa na mkanda wa injini husukuma oili kwa presha mpaka kwenye reki, kifaa kinachounganisha usukani na tairi za mbele, na presha hiyo ndiyo inayomsaidia dereva kukunja tairi. Ni mfumo mzuri na unadumu, ila mipira na sili zake zikizeeka, huvuja.

Ikianza kuvuja, ushauri haukosekani. Jirani wa flati, dereva mwenzako, muuza spea na fundi, kila mmoja ana neno lake. Mengi ya maneno hayo yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanaaminika. Lakini yana kasoro moja inayofanana: yanakuuzia kitu kabla mtu yeyote hajatazama oili inatoka wapi. Msimamo wangu ni kwamba oili ina mahali inapotokea, mahali panapoonekana kwa jicho na kuguswa kwa kidole, na hakuna dirhamu inayostahili kutolewa kabla mahali hapo hapajajulikana. Nayapitia madai moja moja.

Dai la 1: "Ni joto la Dubai tu. Kila gari la zamani hapa linavuja."

Joto lina mchango wake, hilo sikatai. Kati ya Juni na Septemba joto la mchana hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na chini ya boneti, gari likiwa limekwama kwenye foleni ya jioni ya kwenda Sharjah huku AC imewashwa, hali ni kali zaidi. Mpira hukauka, hukakamaa, kisha hupasuka. Lakini joto linaeleza kwa nini mpira umezeeka mapema. Halielezi kwa nini mpira uliozeeka umeachwa ndani ya gari. Gari la miaka 20 lililobadilishiwa mipira kwa wakati linaweza kukaa kavu hata mwezi wa Agosti.

Tena dai hili huwafanya watu wachanganye mambo. Wakati wa joto karibu kila gari hapa huacha dimbwi dogo chini, mara nyingi upande wa abiria. Hayo ni maji ya AC, wala hayana shida. Tandika kipande cha boksi chini ya injini usiku kucha. Maji hukauka na kwenda zao. Oili huacha doa linaloteleza ukilisugua kwa vidole. Doa likiwa jekundu au la kahawia, usikimbilie kusema ni stelingi, kwa sababu magari mengi hutumia oili ya jamii hiyo hiyo kwenye giaboksi ya otomatiki. Fungua boneti utazame kopo la stelingi. Kama limeshuka, umeshapata mfumo unaovuja. Kama liko palepale, tafuta kwingine.

Dai la 2: "Ongeza oili kila wiki, gari litatembea."

Litatembea, na kila wiki litakuwa linajiharibu. Pampu ya stelingi inalainishwa na oili ile ile inayoisukuma, haina nyingine. Kopo likishuka, pampu huanza kuvuta hewa, oili hugeuka povu, na kila unapokunja usukani kuegesha gari unasikia mlio wa kulia. Hapo vyuma vya ndani vinasagana. Vumbi la chuma husafiri na oili hadi kwenye reki na kuzikwangua sili zake. Ndivyo mpira wa bei ndogo unavyoiua pampu, na pampu ikaiua reki.

Isitoshe, oili inayovuja haiishii sakafuni. Ikirukia mkanda, mkanda huteleza, na kwenye magari mengi mkanda huo huo ndio unaozungusha alteneta na hata pampu ya maji. Ikidondokea kwenye egzosti yenye moto, inaweza kushika moto. Hii si hofu ya kubuni. Mwaka 2012 Honda iliyaita yarudi kutengenezwa magari zaidi ya 500,000 nchini Marekani, mengi yake Accord za injini ya V6 za kati ya 2003 na 2007, kwa sababu mpira wa stelingi ungeweza kuchakaa mapema na kumwaga oili kwenye sehemu za egzosti zenye joto kali.

Halafu kuna siku oili inapokwisha ukiwa barabarani. Tairi bado zitaufuata usukani, maana zimeungwa kwa chuma. Lakini usukani utakuwa mzito ghafla, na utauhisi zaidi kwa mwendo mdogo: kwenye mzunguko, kwenye kona ya maegesho, au unapomkwepa mtu anayevuka. Hapo ndipo mkono unapohitajika kuwa mwepesi.

Dai la 3: "Oili yoyote nyekundu inafaa. Ukikwama, hata ya breki."

Wekundu ni rangi tu iliyotiwa. Hauelezi oili imetengenezwa na nini. Toyota nyingi za zamani hutumia ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, ya daraja la Dexron II au III. Honda inataka oili yake maalumu ya stelingi, na inaonya dhidi ya kutia ATF. Volkswagen na Audi nyingi za miaka ya 1990 na 2000 hutumia oili ya kijani iliyo tofauti kabisa. Jibu sahihi mara nyingi limeandikwa kwenye kifuniko cha kopo lenyewe au kwenye kitabu cha gari. Futa vumbi kwenye kifuniko usome kabla ya kumwuliza mtu yeyote.

Mafuta ya breki ni jambo zito zaidi. Mafuta ya kawaida ya breki, DOT 3 na DOT 4, si oili ya madini, na mipira iliyotengenezwa kwa oili ya stelingi haiyavumilii: huvimba, hulainika na kuharibika. Kama umeshayamimina kwa bahati mbaya, usiwashe injini. Yanyonywe yote koponi kwanza, mfumo usafishwe, ndipo gari liwashwe. Na kinyume chake ni hatari kuliko yote: oili ya stelingi ikiingia kwenye breki huharibu mipira ya breki, na breki zinaweza kukosa kufanya kazi. Anayekuambia vyote ni sawa anacheza na maisha ya watu.

Dai la 4: "Kuna dawa ya chupa. Imimine, itaziba."

Chupa hizo zipo karibu kila duka la spea, na zina kazi yake finyu. Nyingi zina kemikali inayoulainisha mpira uliokakamaa na kuuvimbisha kidogo. Sili iliyokauka na inayotokwa na jasho tu, si kudondoka, inaweza kutulia kwa muda. Huo ndio ukweli wote wa dai hili.

Sasa tazama kile ambacho chupa haiwezi. Haiwezi kukaza klipu iliyolegea, wala kuziba ufa kwenye mpira wa presha, wala kurudisha chuma kilicholika kwenye shafti ya pampu. Na kwa kuwa inazunguka mfumo mzima, haichagui: sili nzima nazo zinavimbishwa, na mpira uliovimbishwa hulainika na kuchakaa upesi. Anayemimina chupa bila kujua oili inatoka wapi hajui hata kama tatizo lake ni la aina ambayo chupa inaweza kuligusa.

Kuna hali moja ninayoikubali: gari liko mbioni kuuzwa skrepa na mwenyewe anataka limalizie wiki zake. Lakini kumimina chupa asubuhi ili mnunuzi wa jioni asione doa ni udanganyifu, na anayeulipia mara nyingi ni ndugu yetu mgeni aliyefika juzi.

Dai la 5: "Oili iko chini ya reki, kwa hiyo reki imekufa. Badilisha nzima."

Hili ndilo dai linalowagharimu watu wetu zaidi, na ndilo ninalotaka kukaa nalo.

Reki iko chini kabisa. Oili hutelemka, na gari likienda upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo oili ya mpira wa juu, ya pampu, hata ya kopo lililopasuka, yote huishia kwenye reki. Kuiona pale ni ushahidi wa mahali ilipoishia, si mahali ilipoanzia.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa Tanga anayeishi Al Qusais, aliambiwa kwenye gereji moja kwamba reki ya Sunny yake imekwisha, na kwamba ya mtumba ingepatikana jioni hiyo hiyo kwenye skrepa za Sharjah. Tulilipeleka gari kwa fundi mwingine, mzee wa Mombasa. Hakutaja bei. Alipandisha gari, akapulizia kisafisha breki reki yote na mabomba yake, akapangusa kwa tambara hadi chuma kikaonekana. Kisha akamwomba msaidizi awashe injini na kukunja usukani kushoto na kulia. Sisi tukasubiri chini na taa.

"Haya mwanangu, tia mkono hapa," alimwambia rafiki yangu, akimwonyesha mpira wa mikunjo ulio mwisho wa reki. "Ubonyeze. Wasikia nini?"

"Pakavu, mzee."

"Na wa upande wa pili?"

"Nao mkavu."

"Haya, panda juu. Huu mpira wa kurudisha oili koponi, uguse palipo klipu."

Kidole kilirudi chekundu. Klipu ilikuwa imelegea, na ncha ya mpira ilikuwa laini, imepasuka nusu duara.

"Basi reki yako ina kosa gani?" mzee akauliza.

Alikata mpira mpya wa oili kwa urefu ule ule, akafunga klipu mbili, akajaza. Reki ile ile ikaendelea na kazi.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na kila mwenye gari anapaswa kukijua. Mipira miwili ya mikunjo kwenye ncha za reki inatakiwa kuwa mikavu ndani. Ukiibonyeza ikaonekana kubeba oili, au klipu yake ikilegezwa oili ikamwagika, sili za ndani za reki zimechoka na dai ni la kweli. Oili ikitokea pale shafti ya usukani inapoingia kwenye reki, ni sili ya juu. Kama vyote ni vikavu, panda na ufuate unyevu hadi sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Pasipoonekana kwa macho, kuna rangi maalumu inayotiwa kwenye oili na kumulikwa kwa taa ya urujuanimno, na palipovuja hung'aa.

Na kama kweli reki imekwisha, usidhani ya skrepa ndiyo dawa. Reki iliyokaa miaka kavu juani imezeeka sili kama yako. Kabla ya kulipa, taka mipira ya mikunjo ifunguliwe utazame shafti: iwe laini na ing'ae. Ikiwa na vidoto vya kutu, itararua sili yoyote, ya zamani na mpya. Reki yako yenyewe, kama shafti bado ni nzima, inaweza kufunguliwa na kutiwa sili mpya. Ikishabadilishwa au kufunguliwa, gari lifanyiwe alaimenti, la sivyo tairi zitalika upande mmoja.

Dai la 6: "Mpira wowote na klipu mbili vinatosha."

Inategemea ni mpira gani, na hapa ndipo watu huumia. Mfumo una njia mbili. Njia ya kurudi ina presha ndogo, na huko mpira na klipu ndiyo kazi yenyewe. Lakini uwe mpira wa oili. Mpira wa radieta umetengenezwa kuvumilia maji ya moto; ukitiwa oili huvimba na kulainika, na baada ya muda utarudi ulipoanzia.

Njia ya kwenda, kutoka pampu hadi reki, ni habari nyingine. Tairi yako inajazwa psi 32 au 35. Stelingi ikikunjwa hadi mwisho, presha ndani ya mpira ule inaweza kupita psi 1,000. Hakuna klipu, utepe wala gundi inayohimili hilo. Vitashika ukiwa umesimama na kufyatuka ukikata kona. Mpira wa presha hubadilishwa mzima, au hupelekwa kwa mafundi wa mabomba ya hidroliki ambao hubakiza ncha zako za chuma, hutia mpira mpya wa daraja la presha, na kuubana kwa mashine. Maeneo ya viwanda kama Al Quoz na Ras Al Khor yana kazi za namna hii, kwa kuwa mashine za ujenzi zinategemea mabomba hayo hayo. Kwenye maungio, oringi na washa za shaba ziwe mpya. Ni vitu vya senti, na kurudishia vya zamani ndiko kunakofanya kazi nzuri ivuje siku ya pili. Rahisi ghali.

Dai la 7: "Ukishabadilisha, jaza oili, washa, ondoka."

Fundi mwenye haraka hufanya hivyo, na mwenye gari hurudi na mlio uleule akidhani pampu imekufa. Ndani kumebaki hewa. Tairi za mbele ziinuliwe, injini ikiwa imezimwa, usukani ukunjwe polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa huku oili ikiongezwa kila inaposhuka. Viputo vikikoma, ndipo injini iwashwe na zoezi lirudiwe. Usiushikilie usukani mwisho wa kona zaidi ya sekunde chache, kwa kuwa hapo oili hupata moto upesi. Kisha soma kopo kwa alama sahihi: makopo mengi yana ya baridi na ya moto. Ukijaza hadi alama ya moto kabla gari halijatembea, oili ikipanuka itafurika na utadhani bado inavuja.

Dai la 8: "Tazama injini ilivyo safi. Gari halivuji."

Haya utayasikia ukienda kununua, iwe ni kwenye maduka ya magari ya Al Aweer, Ras Al Khor, au kwa mtu binafsi. Injini iliyooshwa leo haisemi lolote kuhusu jana. Usafi ni mzuri kama tu utaendesha gari dakika 20, ukakunja kona kadhaa, kisha ukatazama tena chini kwa taa. Bonyeza mipira ya mikunjo ya reki. Tazama oili koponi: nyeusi yenye harufu ya kuungua, au yenye povu, inakuambia historia ambayo muuzaji hataitaja.

Wanaonunua ili kupeleka nyumbani wana sababu zaidi ya kufanya hivi. Magari ya usukani wa kulia kutoka Japani hupita hapa kwa wingi kupitia eneo huru la Ducamz. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8, na hutaka likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Mpira uliopasuka ukigunduliwa hapa hubadilishwa siku hiyo. Ukigunduliwa Mombasa, umeshalipia meli na ushuru wa gari linalovuja.

Dai la 9: "Gari la zamani halistahili gharama."

Linaposemwa baada ya fundi kutaja bei ya pampu, reki na mipira yote kwa pamoja, linasikika kuwa na busara. Lakini hesabu hiyo imejengwa juu ya kutokujua. Mara nyingi kinachovuja ni kimoja, na mara nyingi ni cha bei ndogo: klipu, oringi, mpira wa kurudi. Pima gharama ya kifaa hicho kimoja, si ya orodha iliyotolewa kwa kubahatisha.

Gari hilo la zamani ndilo linalompeleka dada zamu ya usiku hospitalini na kumwezesha kaka kufanya kazi mbili. Likishapita miaka 3 tangu liliposajiliwa jipya, Dubai hulitaka likaguliwe kila mwaka kabla ya kuhuisha mulkiya, yaani kadi ya usajili, na mkaguzi hutazama chini. Gari lililotunzwa hupita na kuendelea kumlisha mwenyewe. Lililotelekezwa kwa oili ya kuongeza kila wiki hufeli wakati ambapo hana fedha wala nafasi ya kusubiri.

Kwa hiyo, ukifika gereji, usianze kwa kuuliza bei. Omba gari lipandishwe, lisafishwe, liwashwe, na wewe uwe hapo chini pamoja na fundi. Fundi mzuri atafurahi kukuonyesha, kwa sababu kazi yake itajitetea yenyewe. Anayekataa kukuonyesha panapovuja lakini tayari ana bei ya reki, chukua ufunguo wako uende kwa mwingine. Hiyo ni haki yako kama mteja, na ni njia ya kuwalinda wenzetu watakaokuja baada yako, maana soko hili litaacha kubahatisha siku wateja watakapoacha kulipia kubahatisha.